Barua kwa Mwanangu: Cheti cha Hamisi

Mwanangu Salumu,

Sisi hatujambo. Mguu wa baba yako umepungua kuvimba na ameanza tena kugombana na redio. Ujumbe wako nimeusoma. Klabu ya Ligi Kuu inamtaka mjukuu wangu Hamisi kwenye timu yake ya U20, yaani ya vijana wa chini ya miaka 20, wanataka akakae hosteli yao kuanzia Januari, nawe unauliza ligi hiyo ya vijana inaendeshwaje na kama inaweza kumfikisha mtoto mahali. Umeuliza vizuri. Lakini kule mwishoni umeandika, kwa kupitia tu, kwamba kocha kasema cheti cha kuzaliwa kisiwasumbue, "watakirekebisha", wampunguze miaka miwili ili achezee timu za vijana muda mrefu zaidi. Hapo ndipo niliponasa. Ulichouliza nitakijibu, ila haraka haraka.

Klabu ya Ligi Kuu inatakiwa iwe na timu ya vijana. Ni sharti la leseni, CAF wa mpira wa Afrika wanalidai na TFF wa hapa nchini wanalidai, kwa hiyo usidhani kila kiongozi anayekwambia "tunalea vipaji" ameamka asubuhi akiwapenda watoto. Timu zinapangwa kwa makundi, zinazofanya vizuri zinaingia nane bora, na watu wenye macho ya kuchagua hujaa pale Chamazi kwenye uwanja wa Azam. Mtibwa wetu hapa wamebeba ubingwa wa vijana zaidi ya mara moja, na bado 2024 timu yao ya wakubwa ikashuka daraja. Baba yako mpaka leo hataki hilo litajwe wakati wa kula.

Kufika mahali, wapo waliofika. Dickson Job alitoka hapo hapo Mtibwa, akawa nahodha wa Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya U17, mwaka 2017, akaenda Yanga 2021, na Taifa Stars unamwona. Kelvin John alicheza fainali za Afrika za U17 za 2019 hapa kwetu, akasaini Genk ya Ubelgiji 2021 alipofikisha miaka 18. Hiyo 18 ishike. FIFA hairuhusu mtoto kuhamishiwa klabu ya nje kabla ya hapo, isipokuwa kwa sababu chache kama wazazi kuhama kwa mambo yao wenyewe. Kwa hiyo yeyote atakayekuja kwako na hadithi za majaribio Ulaya mwakani, mpe chai aende zake. Na mchezaji akiuzwa nje mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya pesa zile hugawiwa klabu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23. Wanahesabu mwaka kwa mwaka, kwa tarehe ya kuzaliwa. Unaona? Hata nikikwepa, narudi kwenye cheti.

Umekua ukinisikia nikisema: umri kwanza, mguu baadaye. Dada yako hunikejeli kwa maneno hayo hadi leo. Anikejeli tu.

Unakumbuka 2017 tulivyojazana sebuleni kwa mjomba wako, king'amuzi chetu kikiwa kimekatwa? Serengeti Boys hawakufika fainali za Afrika kule Gabon kwa kuwatoa Congo uwanjani. Dar tulishinda 3-2, kule Brazzaville wakatufunga 1-0, jumla 3-3, wakapita kwa kuwa walifunga mengi ugenini. Kilichotupeleka ni mchezaji wao mmoja aliyetiliwa shaka umri, akaitwa kupimwa MRI, hakutokea. CAF wakawaondoa. Nyumba nzima mlishangilia. Mimi nilinyamaza ukaniuliza nina nini. Nilikuwa naikumbuka 2005, sisi wenyewe tulipofuzu kwenda Gambia, tukaondolewa kwa mambo hayo hayo ya umri.

Halafu Gabon yenyewe! Mali tukatoka nao 0-0, Angola tukawafunga 2-1, ikabaki Niger. Sare tu ingetosha kutuingiza nusu fainali, na nusu fainali ndiyo ilikuwa tiketi ya Kombe la Dunia la vijana India. Wakatufunga 1-0. Pointi nne kwa nne, wakapita wao. Sare tu, Salumu. Haya, niache.

Kipimo kile cha MRI kinaangalia mfupa wa kifundo cha mkono. Ukiwa umeshaungana kabisa, basi ni vigumu sana mwenye mkono huo kuwa chini ya miaka 17. Ndiyo maana kinafaa kwa timu za U17. Kwa U20 hakisaidii, maana kwa umri huo mifupa ya wengi imeshaungana. Huko imebaki karatasi tu, na kocha wako anajua.

Sasa nikwambie habari ya Kilosa, maana ulikuwa mdogo na nadhani unakumbuka lori tu. Michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, inapanda kutoka shule hadi kata, wilaya, mkoa, mpaka taifa. Mimi nilipewa netiboli kwa kuwa ni mwanamke, mwalimu wa mpira alipohama wakanibandika na mpira. Nikaupenda, ndivyo ulivyonijua. Mwaka ule timu ya wilaya yetu ilifika fainali ya mkoa. Golikipa wetu tulimwita Mawazo, mtoto mwembamba wa Kimamba, anadaka mpaka unasahau kupumua. Wilaya tuliyokutana nayo sitaitaja. Mshambuliaji wao alikuwa amenyoa ndevu asubuhi, mchana zimeshaanza kuchomoza. Akaniamkia, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti nzito kama ya muadhini. Kijeba mtupu! Nikaenda kwenye kamati. Wakaniambia, "Mama, cheti kipo, tena kina muhuri."

Tulifungwa 3-0. Shuti moja lilimpiga Mawazo kifuani akakaa chini, hakuinuka mpaka nilipoingia mwenyewe uwanjani. Kwenye lori hakuimba. Na mpira hakurudi tena, niliwahi kumfuata mpaka kwao. Sasa ni fundi uashi Dumila.

Miaka ikapita. Siku moja nashuka stendi ya Msamvu, bodaboda mmoja ananiita, "Mwalimu, hunijui? Mimi ndiye yule kijeba wenu." Anacheka. Nilipanda, akanipeleka Kihonda, na njiani akanieleza. Alikuwa ameshamaliza la saba shule nyingine, wakamrudisha darasani kwa jina la mtoto aliyeacha shule, kwa sababu ya miguu yake. Timu zilizofuata zikaendelea na karatasi ile ile. Ilipofika wakati wa klabu kumjaribu, karatasi inasema bado kijana wa U20, magoti yanasema mengine. Wakamwacha. Akataka kusoma ufundi, cheti cha la saba kina jina la mtu mwingine. Mabao yote yale alifunga mtu ambaye hayupo. Nusu ya safari nilimwonea huruma, nusu nyingine nilikuwa bado na hasira ya Mawazo. Nauli alikataa, nikaiacha kwenye kiti.

Najua utaniambia Hamisi si kijeba. Kweli, ana miaka 15, mimi ndiye niliyekuwa wodini siku ile. Na baba yako anasema kila mtu anapunguza, wewe ndiye utakayeinyoosha nchi? Jibu la kumfunga mdomo sina. Mtoto wa kweli wa miaka 15 ataingia uwanjani na wa 19, na huenda miongoni mwa hao wapo wa 23. Ataonekana mdogo, ataonekana mwoga, atakaa benchi. Mawazo alikuwa na cheti cha kweli na hakikumfaa kitu. Hilo linaniuma, sitalificha. Wakati mwingine usiku najiambia, miaka miwili tu, nani atajua?

Lakini watajua. Namba yake ya PREM, ile ya usajili wa wanafunzi, imebeba tarehe ile ile tangu shule ya msingi, na Baraza la Mitihani wanayo. Cheti chake cha kuzaliwa cha RITA kipo kwenye kabati langu. Akija kuwa mchezaji mkubwa ndipo watu watakapoanza kuchimba, asipokuwa mkubwa atahitaji vyeti vya shule. Pande zote mbili nimezipima, mwanangu, naona anakamatwa tu. Umri kwanza.

Hosteli aende asiende, hilo ni lako na mkeo, mimi sisemi. Nasema sisemi, ingawa ungekuwa mbele yangu ungeshajua kwa kuniangalia. Ila kabla hujakubali, uliza atasoma shule gani akiwa huko, nani atasaini uhamisho wake, akiumia goti nani analipa hospitali, na je, msimu uliopita ni wangapi wamepandishwa kutoka U20 hadi timu ya wakubwa. Wakikujibu kwa picha za jezi, hayo nayo ni majibu.

Na huyo kocha mwombe akuonyeshe fomu ya usajili, sehemu ya tarehe ya kuzaliwa, ikiwa imeshajazwa. Usisaini iliyo wazi. Akisema itajazwa baadaye ofisini, nipigie mimi kwanza, hata kama ni usiku. Mume wangu Hamisi mwambie bibi anamsalimu, na asithubutu kumsikiliza babu yake kwenye jambo hili.

Mama yako