PCR haikuzaliwa na korona
Ndugu, umeandika kwamba PCR, ile njia ya maabara ya kunakili DNA mara nyingi, ilikuja na korona. Ni ya zamani! Mwanakemia Kary Mullis aliibuni Marekani mwaka 1983, akapata Nobeli ya Kemia 1993. DNA, yaani vinasaba, inapashwa mpaka nyuzijoto 95 hivi, kamba zake mbili zinaachana. Ikipoa, kimeng'enya, yaani protini inayofanya kazi ya kuunganisha, kinajenga nakala. Ukirudia mizunguko 30 ya kupasha na kupoza, kipande kimoja kinakaribia nakala bilioni.

Tabu ni kwamba kimeng'enya cha mwanzo kiliharibika kila joto likipanda, ikabidi uongeze kingine kwa mkono kila mzunguko. Kilichookoa jahazi ni kimeng'enya kinachostahimili joto cha bakteria Thermus aquaticus, aliyepatikana kwenye chemchemi za maji moto za Yellowstone, hifadhi ya taifa ya Marekani. Mtaalamu wa vijidudu Thomas Brock aliyemkuta huko miaka ya 1960 wala hakuwa akitafuta kipimo cha ugonjwa, alitaka tu kujua kinachoishi kwenye maji yanayounguza vile.