Rizista ya ampli: omu zikiwa sawa bado haijatosha

Hapa Mbeya naletewa sana ampli na sabufa zenye kesi moja, "fundi rizista iliungua nikabadilisha ikaungua tena", ukicheki omu (kipimo cha kuzuia umeme) ni zilezile kabisa ila kuna mtu kabandika ya robo wati palipokuwa na wati 5. Zile rangi zinakupa omu na asilimia ya kupishana kwake tu jamani, wati, yaani joto inaloweza kuvumilia, unazijua kwa ukubwa wa umbo.

Hesabu ya wati wala sio ngumu, ampea mara ampea mara omu, au volti mara volti gawa kwa omu. Mfano rizista za omu 0.22 kwenye emita (mguu mmojawapo) za transista za auti, zile zinazosukuma spika: ampli ikitoa wati 50 kwenye spika ya omu 4, ampea zinapanda mpaka 5 hivi, ila kila upande unafanya kazi nusu ya wimbi, kwa hiyo kila rizista inakula kama wati 1.4. Hapo weka ile nyeupe ya simenti ya wati 5, habari za kubana hela na ya wati 2 achana nazo. Ile ya kushushia volti 35 ziwe 15 za zena (diodi ya kushikilia volti), kama ni kilo 1, yaani omu 1000, inakula wati 0.4, mi naweka wati 1. Ya fidibeki (inayorudisha kidogo cha auti mwanzoni) kilo 22 robo wati inatosha na inabaki.

Halafu hii baridi yetu inadanganya. Unatesti Uyole mwezi wa saba, boksi liko wazi, kila kitu fresh, mteja anaipeleka Kyela kwenye lile joto, boksi limefungwa, transfoma pembeni, inakufa. Wati za rizista nyingi ni za mpaka nyuzi 70 kuzunguka yenyewe, zaidi ya hapo uwezo unashuka. Ndo maana sishuki chini ya mara mbili ya wati za hesabu, na ya wati kubwa naiinua kidogo kwenye bodi, mbali na kapasita.

Ila kuongeza wati nako sio kila sehemu. Rizista fyuzi kwenye laini ya umeme rudisha aina ileile na wati zilezile, imewekwa ikatike. Na ile ya omu 10 inayokaa na kapasita ya maikrofaradi 0.1 kwenye auti ikiwa mkaa, usikimbilie wati 5, mara nyingi ampli ina oseleti (inatetema yenyewe) kwenye masafa ya juu huko usikokusikia, wewe unaongeza wati halafu zinaondoka transista, kwa hiyo iwashe kwa balbu ya siriizi (balbu iliyopitishwa kwenye laini ya umeme ili ibane ampea) bila spika uangalie kama hitisinki, lile bati la kupoza transista, inachemka bure.