Kabla hujataja namba yako kwenye Oh Hell

Katika Oh Hell, mchezo wa karata, kula mizunguko mingi (kila mmoja hutoa karata moja, na kubwa hula) si kushinda. Anayefaidi ni aliyekula idadi ileile aliyoitaja kabla ya kucheza. Kwa hesabu ninayoipenda, aliyepatia hupata pointi 10 pamoja na idadi aliyotaja, na aliyekosea hapati kitu, hata kama amezidisha mzunguko mmoja tu. Hapo ndipo uzuri ulipo: mwenye garasa tupu naye ana njia ya kupata 10.

Wengi wakishika karata huhesabu ree na wafalme, kisha hutaja. Mimi huanza na nane, tisa na kumi. Ree najua itafanya nini, na mbili pia. Tisa iliyo peke yake katika aina yake hainipi uhakika wowote: aina hiyo ikichezwa, lazima niitoe, na ikitokea kuwa kubwa mezani, nimekula nisichokitaka. Nikitaja sifuri, afadhali mfalme anayelindwa na mbili na nne, kwa kuwa naweza kutoa hizo ndogo kwanza na kumtupa yeye aina nyingine inaponiishia.

Halafu sikiliza wenzako, kisha jumlisha. Mkicheza karata kumi kila mmoja na jumla ya walizotaja ikafika 12, kila mzunguko utagombaniwa, hivyo kula mapema. Ikiwa 8, kuna miwili isiyo na mwenyewe na itamwangukia mtu. Jiondolee karata zako kubwa za ziada wakati bado kuna mwingine wa kuzifunika. Wanaocheza kwa sharti kwamba mgawaji haruhusiwi kutaja namba inayolinganisha jumla na idadi ya karata, wajue kuwa lazima angalau mmoja akosee.

Raundi ya karata moja kwa kila mchezaji ndiyo inayodanganya zaidi. Mko wanne, karata moja imefunuliwa kuonyesha turufu, yaani aina inayozishinda nyingine zote, nawe unaanza ukiwa na ree isiyo ya turufu. Inapendeza kutaja moja, lakini kati ya karata 50 usizoziona, 12 ni turufu, na ree yako itapona kwa takriban asilimia 43 tu. Mbili ya turufu, ile ndogo kabisa, hula kwa karibu asilimia 47. Kwa zote mbili mimi hutaja sifuri, na turufu yangu ikianzia sita kwenda juu hutaja moja.