Kuisoma Orodha ya Dunia ya Tenisi ya Vijana: Maelezo kwa Mchezaji na Mzazi Anayeanza

Wazazi wengi wanapoanza kufuatilia tenisi ya vijana huuliza swali moja: mwanangu amemshinda yule kijana mara mbili, iweje yule awe mbele yake kwa nafasi mia kadhaa katika orodha ya dunia? Swali ni la haki. Jibu lake ni kwamba orodha ya Shirikisho la Kimataifa la Tenisi, ITF, haihesabu nani alimshinda nani; inahesabu mchezaji alifika raundi gani, katika mashindano ya daraja gani, ndani ya wiki 52 zilizopita. Anayelielewa jambo hilo mapema hupanga msimu wake kwa hesabu, na asiyelielewa hutumia nauli nyingi kufuata pointi ambazo hazitamfikisha anakotaka.

Mashindano ya vijana ya ITF yalianza kuendeshwa kwa mfumo mmoja wa dunia mwaka 1977, yakiwa tisa tu. Leo huchezwa karibu kila wiki ya mwaka, na tangu 2023 madaraja yake yana majina yanayosomeka kwa urahisi: J30, J60, J100, J200, J300 na J500, na juu ya hayo yapo mashindano manne ya Grand Slam ya vijana, yaani yale ya Australia, Ufaransa, Wimbledon na Marekani. Namba iliyo katika jina ndiyo idadi ya pointi anazopata bingwa wa mchezaji mmoja mmoja, na bingwa wa Grand Slam hupata 1,000. Wanaotolewa njiani hupata kidogo, na kidogo hicho hupungua kwa kasi. Katika J30 bingwa huchukua 30, anayeshindwa fainali 18, anayeishia nusu fainali 9, robo fainali 5, na anayeishia hatua ya 16 bora hupata 2. Anayepoteza mechi yake ya kwanza hurudi mikono mitupu, hata kama droo, yaani upangaji wa nani acheze na nani, ilimvusha raundi ya kwanza bila kucheza.

Pointi hizo hazijumlishwi zote. Kinachohesabiwa ni matokeo sita bora ya mchezaji mmoja mmoja, kisha huongezwa robo ya pointi za matokeo sita bora ya mchezo wa wawili wawili. Utaratibu huu wa orodha moja ya pamoja umetumika tangu 2004. Tuchukue msichana aliyecheza J30 nane ndani ya mwaka na kupata 30, 18, 18, 9, 5, 5, 2 na 2. Sita bora zake zinafika 85. Ikiwa matokeo yake sita bora ya wawili wawili yana jumla ya pointi 60, robo yake ni 15, na jina lake litaandikwa na pointi 100. Zile 2 mbili za mwisho hazikumwongezea kitu, wala kushindwa kwake katika mechi hizo hakukumpunguzia kitu. Ni muhimu kulitambua hilo: mfumo huu hauadhibu kushindwa, kwa hiyo anayeweza kumudu safari nyingi ana nafasi nyingi zaidi za kupata wiki moja nzuri. ITF huweka kikomo cha idadi ya mashindano kwa wachezaji wa umri mdogo, lakini kikomo hicho hakizibi pengo lililopo kati ya familia inayoweza kulipia safari ishirini na ile inayoweza nne.

Tuendelee na msichana huyo. Wiki 52 baada ya ubingwa wake, zile pointi 30 zinaondoka, iwe amecheza wiki hiyo au amekaa nyumbani. Jumla yake haishuki kwa 30 kamili, kwa sababu tokeo lake la saba, lile la pointi 2, linapanda kuchukua nafasi iliyoachwa wazi. Atabaki na 57 za mchezaji mmoja mmoja na 72 kwa jumla. Ndiyo maana mchezaji anaweza kuporomoka nafasi nyingi katika wiki ambayo hakugusa raketi, na mzazi akadhani kuna kosa katika mtandao. Nawashauri wote wanaoanza waandike katika daftari tarehe ambayo kila tokeo kubwa litaondoka, na wapange mashindano mengine ya daraja hilo au la juu yake kabla ya tarehe hiyo. Ni kazi ya nusu saa, na kwa maoni yangu inafaa kuliko kufungua orodha kila Jumatatu kwa moyo unaodunda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi huchelewa kuliona, nalo ni dari ya kila daraja. Mchezaji atakayeshinda J30 sita, ambalo si jambo dogo hata kidogo, atakuwa na pointi 180 za mchezaji mmoja mmoja, na akishinda J30 ya saba hataongeza hata moja. Pointi hizo 180 ni sawasawa na zile anazopata anayeishia hatua ya 16 bora katika Grand Slam moja. Hata bila kufika mbali hivyo, anayeshindwa fainali ya J60 hupata 36, yaani zaidi ya bingwa wa J30, na robo fainali ya J100 ina pointi 20, zaidi ya fainali ya J30. Kuna ubishi wa kudumu miongoni mwa makocha kuhusu lini kijana apande daraja. Mimi niko upande wa wanaosema apande mapema: akianza kufika nusu fainali za J30 mara kwa mara, asafiri kwenda J60 na J100 hata kama atatolewa mapema mara chache za mwanzo. Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina gharama zake, kwa kuwa mashindano ya Nairobi yanafikika kwa basi kutoka Arusha au Kampala, ilhali wingi wa mashindano ya bara letu huchezwa Misri, Tunisia na Afrika Kusini, na huko ni tiketi ya ndege, hoteli na chakula cha wiki nzima. Hivyo ni afadhali kukusanya fedha za safari mbili za mbali zinazofuatana katika mji mmoja, wiki ya kwanza na ya pili, kuliko kuzitawanya katika safari nyingi fupi ambazo dari yake ni ileile.

Mchezo wa wawili wawili hudharauliwa kwa sababu ya ile robo. Hesabu ya juujuu inaonyesha kwamba hauna faida. Hesabu ya makini inaonyesha kwamba mtu ameshalipa nauli, yuko uwanjani, na mechi tatu au nne za ziada zinaweza kumpa pointi ambazo wapinzani wake wameziacha. Angella Okutoyi wa Kenya anafaa kutazamwa hapa. Mwaka 2021 alitwaa ubingwa wa vijana wa Afrika mjini Sousse, Tunisia, na Januari 2022 akawa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi katika Grand Slam ya vijana, alipofika raundi ya tatu Melbourne, Australia. Julai mwaka huohuo, yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walishinda Wimbledon ya wasichana kwa wawili wawili. Ubingwa wa namna hiyo una pointi 750, na robo yake ni 187.5, yaani zaidi ya J30 sita zote nilizozitaja hapo juu.

Umri nao una hesabu yake. Kijana huruhusiwa kuanza akishatimiza miaka 13, na huendelea hadi tarehe 31 Desemba ya mwaka anaotimiza 18. Aliyezaliwa Januari 2010 na aliyezaliwa Desemba 2010 watatoka siku moja, lakini wa kwanza aliruhusiwa kuanza karibu mwaka mzima kabla ya mwenzake. Tena orodha ni moja kwa wote, wavulana yao na wasichana yao, bila kutenganisha umri, na kwa hiyo mwenye miaka 14 aliye nafasi ya 900 amesimama foleni moja na watu wanaokaribia kumaliza ujana. Usimlinganishe mwanao na namba. Mlinganishe na waliozaliwa mwaka wake.

Kando ya orodha hii kuna vipimo vya kiwango, ambavyo hufanya kazi tofauti kabisa. UTR (Universal Tennis Rating) humpa mchezaji namba kati ya 1 na 16.5 kwa kutazama hadi mechi zake 30 za miezi 12 iliyopita, nguvu ya mpinzani, na gemu alizopata dhidi ya zile zilizotarajiwa. World Tennis Number ya ITF huhesabu kwa kushuka, kutoka 40 kwa anayeanza hadi 1 kwa mahiri wa juu. Hapa ndipo swali la mzazi wa mwanzo linapopata jibu lake, kwa sababu huku aliyemshinda mtu mwenye nguvu hutambuliwa hata kama mechi ilikuwa ya raundi ya kwanza. Makocha wa vyuo vya Marekani huitazama sana UTR wanapotafuta wachezaji wa kuwapa ufadhili, na kijana mwenye nauli ya mashindano machache anaweza kuijenga kwa mechi za nyumbani zilizorekodiwa vizuri. Okutoyi mwenyewe alikwenda kucheza Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Ikiwa chuo ndilo lengo, nafasi katika orodha ya ITF husaidia, lakini si mlango pekee.

Ikiwa lengo ni tenisi ya kulipwa, basi nafasi ya juu kabisa ina thamani halisi: ndiyo inayoamua nani aingie moja kwa moja katika droo ya wachezaji 64 ya Grand Slam ya vijana, na wavulana wanaomaliza mwaka ndani ya 20 bora hutengewa nafasi katika mashindano ya Challenger, daraja la kulipwa la watu wazima lililo chini ya mashindano makubwa. Chini ya hapo, tofauti kati ya nafasi ya 400 na ya 550 ni suala la kuingia droo kuu au kuanzia mchujo, yaani mechi za awali za kugombea nafasi chache katika droo hiyo, na haisemi mengi kuhusu miaka mitano ijayo. Mfano ni huu: katika ile fainali ya Wimbledon ya 2022, Okutoyi na Nijkamp waliwashinda Wakanada wawili, mmoja wao Victoria Mboko, ambaye wazazi wake wanatoka Kongo. Miaka mitatu baadaye Mboko alishinda mashindano makubwa ya Kanada ya wanawake mjini Montreal kwa kumshinda Naomi Osaka katika fainali.

Yamebaki mambo ya ofisini. Bila namba ya usajili ya ITF iitwayo IPIN hakuna kuingia popote, na muda wa kuomba nafasi hufungwa takribani wiki nne kabla ya mashindano, siku ya Jumanne. Kujitoa nako kuna siku yake ya mwisho, na anayejitoa baada ya hapo bila sababu inayokubalika hupata adhabu. Asiye na pointi huwekwa nyuma ya wenye pointi, kwa hiyo azungumze mapema na chama cha tenisi cha nchi mwenyeji kuhusu nafasi za mwaliko, na akitegemea mchujo afike siku moja kabla, kwa maana majina ya mchujo huandikishwa uwanjani na dirisha hufungwa kwa saa iliyotangazwa.