Wi-Fi Haionekani Baada ya Kuweka Ubuntu

SWALI: Nimeweka Ubuntu (mfumo endeshi wa Linux) kwenye MacBook Air ya 2015 niliyonunua mtumba. Vingine vyote viko sawa, ila Wi-Fi haionyeshi mtandao hata mmoja. Kadi imekufa?

JIBU: Huenda ni nzima. Fungua terminali (dirisha la kuandika amri) uandike:

lspci -nn | grep -i network

Ukiona 14e4:43a0, hiyo ni kadi ya Wi-Fi ya Broadcom BCM4360. Draiva yake (programu inayoiendesha kadi), iitwayo wl, si huria, yaani msimbo wake haujawekwa wazi, kwa hiyo haimo ndani ya kerneli (kiini cha Linux), huongezwa kando. Kwa kuwa huna intaneti, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB (waya wa kuchaji tu hautapitisha data), kisha washa kwenye simu kushiriki intaneti kwa USB. Halafu:

sudo apt update
sudo apt install linux-headers-$(uname -r) broadcom-sta-dkms

Usiruke hizo linux-headers (faili za kerneli zinazohitajika kujengea draiva). Draiva hujengwa papo hapo kwenye mashine yako, na zikikosekana, wl haipatikani hata kama usakinishaji umeonekana kwenda vizuri. Hakikisha kwa amri dkms status, inayoonyesha hali ya draiva zilizojengwa: lazima isome installed. Washa upya.

Wenye laptopu za Windows, Secure Boot (ulinzi unaozuia programu zisizotiwa saini wakati wa kuwasha) ikiwa imewashwa, wl itakataliwa hadi usajili ufunguo wa MOK (ufunguo wa mwenye mashine wa kuidhinisha draiva).