Barua kwa mwanangu aliyeniuliza mbona sijawahi kumchora

Mama yangu,

Ile picha uliyonitumia WhatsApp ukiwa kwenye jumba la makumbusho la Nantes huko Ufaransa nimeiangalia mpaka simu ikazima charji, nikaenda kwa jirani kuchaji nikaiangalia tena. Kale katoto kenye gauni la pinki na kitabu mkononi. Na chini ukaandika, "Papa, huyu mama alimchora binti yake. Wewe umechora Rambo kwenye kuta za Katwe nzima huko Kampala, mbona mimi hujawahi kunichora?"

Siku tatu sijakujibu. Sijakasirika, usiogope, ni vile swali lilinikuta kama mtu amenishika bega gizani.

Kwanza huyo mama nimemsoma, Tamara de Lempicka, kile Kifaransa cha kwetu Bukavu, Kongo, kimenisaidia. Mkimbizi kama sisi kabisa. Mume wake alikamatwa na Wabolsheviki Petrograd, Urusi, baada ya mapinduzi ya 1917, Tamara akahangaika mpaka wakamwachia, wakakimbilia Paris, vito vikauzwa ndo wapate kula, hapo ndo akashika brashi kama kazi ya kuleta chakula. Vita ya Hitler inakaribia, 1939, akavuka tena bahari mpaka Marekani, akakaa Beverly Hills katikati ya mastaa wa sinema, kwenye nyumba iliyokuwa ya King Vidor yule mwongozaji wa filamu, watu wakamwita baronesi mwenye brashi. Alafu fasheni ikabadilika wakamsahau kabisa, mpaka 1972 Paris wakaonyesha picha zake upya, na leo kina Madonna na Jack Nicholson ndo wanazinunua, moja 2020 iliuzwa London zaidi ya pauni milioni 16. Hiyo pesa mimi nimeiruka. Nilichokwama nacho ni huyo Kizette mwanae. Mama yake alimchora mara nyingi, ile ya kwenye roshani ikapata zawadi ya kwanza Bordeaux 1927, lakini mtoto mwenyewe alikuwa anakaa kwa bibi yake ama bodingi. Simhukumu, mkimbizi anayetafuta maisha namjua. Ila nilikumbuka wewe ulivyokuwa unalala mgongoni kwangu nikiwa juu ya ngazi, mama yako yuko sokoni Nsambya, na rangi inakudondokea kwenye nywele.

Sasa nikwambie kitu ambacho sijawahi kukwambia.

Bukavu sikuwa nachora mastaa. Nilikuwa nachora marehemu. Mtu akifa, familia inakuja na kapicha ka kitambulisho, kadogo, kamechakaa, mara nyingine mhuri umepita juu ya shavu, wanasema fundi tutolee kubwa ya kuweka kwenye matanga. Ndo kazi niliyofundishwa na ndo ilinilisha. Unachora miraba midogo kwenye picha kwa penseli, unachora miraba mikubwa kwenye ubao, unahamisha uso kipande kwa kipande, na mwisho kabisa unaweka kadoti keupe kwenye kila jicho. Kale kadoti ndo kila kitu. Kabla hujakaweka ni ubao, ukikaweka mama wa marehemu anaanza kulia. Nimeona hivyo mara nyingi sana mpaka mkono wangu ukazoea kwamba uso ninaouchora, mwenyewe ameshaondoka.

Tulipofika Kampala mwisho wa 1996, tumepitia mpakani Bunagana, sina kitu, Luganda sijui, na Kiswahili ukikiongea sokoni watu wanakuangalia vibaya, wanakumbuka wanajeshi. Mwenye kibanda cha video akanipa kava la kaseti, akanionyesha ukuta, akaniambia kwa mikono tu, huyu. Ni Stallone, yule Rambo. Nikachora miraba kwa kamba iliyopakwa mkaa, nikachanganya brauni na njano na nyeupe na katone ka bluu, siku mbili nzima, watoto wamejaa nyuma yangu. Nikaweka kadoti kwenye macho. Mama, hakuna aliyelia! Walipiga kelele, wakaruka, kamoja kakaniambia kwa Kiswahili, kumbe ni katoto ka kwetu Kongo, "steringi hafi." Nilienda nyuma ya kibanda nikalia mimi. Toka siku hiyo nikashika mastaa, Schwarzenegger, Jackie Chan, Van Damme, na mpaka leo nikisikia sauti ya VJ Jingo, yule anayetafsiri filamu kwa Luganda, inatoka dirishani nasikia kama nimeajiriwa upya. Wengine hawakunilipa, hiyo tuiache. Hao walikuwa watu wa kwanza kuwachora wakiwa hai.

Sasa wewe. Nilikuchora mara moja. Ni 2005, mwaka ule mji mzima unasema Forest Whitaker yuko Kampala anaigiza Amin, una miaka sita, malaria imekupanda usiku, tumekupa dawa tunasubiri homa ishuke. Mimi nikiogopa mikono inatafuta kazi. Nikachana karatasi ya mfuko wa simenti nikaanza kukuchora umelala, paji la uso, ile nywele imeshika jasho, mdomo umefunguka kidogo. Ilitoka vizuri kuliko kitu chochote nimewahi kuchora. Lakini umefumba macho, mahali pa kuweka kadoti hamna, na nilipoisogeza kwenye taa nikaona ni picha ya matanga. Ni ileile. Nikaichoma kwenye sigiri, mama yako akaniuliza unachoma nini nikasema takataka. Asubuhi ukaamka ukaomba chai.

Kuna Mjerumani mmoja, John Decker, mhamiaji naye, alikuwa anachora mastaa wa Hollywood, na rafiki yake mwigizaji John Barrymore alipokuwa kitandani anakufa 1942 alikaa pembeni akamchora. Nilisoma hiyo nikafunga simu. Kuna watu wanaweza. Mimi siwezi kushika penseli mbele ya mtu ninayempenda bila mkono kuanza kumuaga. Ndo sababu mama, hakuna nyingine, sio kwamba Rambo alikuwa mzuri kukuzidi.

Lakini umeniuliza, na nina miaka 58, macho bado yanaona. Usinitumie picha, picha sitaki, nimechora kutoka kwenye picha vya kutosha. Desemba ukija utakaa kwenye kile kiti cha plastiki mlangoni, asubuhi, kabla jua halijawa kali, masaa mawili bila simu, na uwe unaniongelesha muda wote, usinyamaze. Mbao nimeshanunua, fundi ameipiga msasa jana. Mama yako anasema uvae lile gauni la kijani, mimi nasema uvae unachotaka.

Papa