Muulize Fundi: Rangi ya kava ya injini, waja leo waondoka leo

SWALI: Shikamoo fundi. Mie kijana wa Makorora hapa Tanga, natembelea Toyota IST. Juzi kati nilitoa ile kava ya plastiki inayokaa juu ya injini nikaipiga rangi nyekundu ya kopo, na sikuchukua ya rahisi, muuza duka alinambia hii ya ekzosi inavumilia moto nyuzi 650, nikajua hapo nimemaliza kazi. Niliisafisha na petroli kwanza. Wiki mbili washkaji walikuwa wananiomba nifungue boneti waone tu, wiki ya tatu ikaanza kutoa malengelenge na sa ivi ukiikwaruza na ukucha inabanduka kama ganda la muhogo wa kuchemsha. Fundi mmoja anasema rangi feki, mwengine anasema joto la Tanga. Nani mkweli, na nikirudia nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole. Hao mafundi wote wawili wamekujibu haraka haraka. Rangi yako inawezekana ni nzima kabisa ila umeipeleka pasipo pake, na nakwambia hivi kwa sababu mie mwenyewe nilishafanya kosa hilohilo kwenye gari ya mteja, nikarudisha hela na maneno nikayasikia.

Iko hivi. Rangi ya ekzosi haikauki kwa upepo ikaisha, ile inataka ipikwe, ekzosi ikipata moto wa kama nyuzi 200 na zaidi ndo inashika kweli. Sasa kava yako pale juu inapata nyuzi 80, 100, pengine na kidogo zaidi kwenye foleni, basi. Kwa iyo rangi inabaki mbichi ndani miezi na miezi, tone la oili likidondoka inalegea, na ukisema uipike kwenye oveni ufikie huo moto ndo umeiua, plastiki nyingine inayeyuka kwenye nyuzi 160 tu. Moto mkubwa ulioandikwa kwenye kopo si sifa kwa plastiki. Tafuta spreyi ya kawaida ya injini ambayo kopo linasema inakauka yenyewe, au rangi ya bodi ya kuchanganya na hadina, ile dawa ya kuigandisha (hiyo vaa maski ya maana, ile hewa yake inaharibu mapafu, kitambaa hakisaidii).

Lakini hata ungebadilisha rangi ingetoka tu, maana hujajua umepaka plastiki gani. Geuza kava uangalie mgongoni, kuna maandishi madogo katikati ya mishale miwili. Ukikuta PA6 au PA66, mara nyingi ikifuatiwa na GF30, hiyo nailoni iliyochanganywa nyuzi za kioo asilimia 30, inashika rangi vizuri ila inakunywa maji kutoka hewani, na hewa yetu ya pwani unaijua, shati la asubuhi saa mbili limeshalowa. Ukiipaka na unyevu wake injini ikipata moto yale maji yanatafuta pa kutokea, yanainua rangi, ndo baadhi ya malengelenge hayo. Ukikuta PP, yaani polipropilini, hapo hakuna rangi inayotaka kukaa, ni sawa na kuandika kwa wino kwenye ndoo ya plastiki. PP lazima ianze na praima ya plastiki, ile nyepesi isiyo na rangi, unapuliza mkono mmoja tu, yaani tabaka moja jembamba, huipigi msasa, na unaiwahi na rangi ndani ya muda ulioandikwa kwenye kopo, ukienda kula ukarudi baada ya masaa mawili rudia upya.

Petroli nayo acha, inaacha mafuta yake. Toa rangi yote ya zamani kwa msasa, usimwage thina kwenye plastiki usiyoijua maana nyingine inalainika kama ubani. Osha kwa sabuni ya vyombo na brashi mpaka kwenye mikunjo, suuza na maji ya bomba, nasisitiza bomba kwa sababu visima vyetu vingi vina chumvi na chumvi ikibaki chini ya rangi inavuta maji. Na kama ulikuwa unaing'arisha na ile spreyi ya dashibodi yenye silikoni, osha mara tatu, la sivyo rangi itajikusanya na kuacha vidoti kama macho ya samaki. Kisha msasa namba 400 wa maji, mpaka mng'ao wote uondoke, futa na spiriti, anika juani siku nzima, na kuanzia hapo usiiguse na mkono mtupu.

Piga kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa hivi, sio usiku wala baada ya mvua, ukipiga kwenye unyevu rangi inapauka inakuwa nyeupenyeupe kama imepakwa unga. Mikono mitatu myembamba, dakika kumi kumi katikati. Puti ya kuziba mashimo usiweke, plastiki inatanuka na joto kuliko chuma mara nyingi tu na puti ngumu haiifuati, itapasuka. Iache wiki kabla hujairudisha. Ukitaka kujua imeshika, sehemu iliyojificha chora vimistari vya kukatizana na wembe, bandika seloteipu, ivute kwa ghafla. Ikija na rangi anza upya, ndo vizuri ujue nyumbani kabla washkaji hawajaiona.

Ila mie ningekuwa wewe na kava ni PP ningeiosha nikaiacha nyeusi yake.

SWALI: Fundi, na kile kitenki cha akiba cha maji ya rejeta naweza kukipaka ili kifanane na kava? (Msomaji, Pongwe)

JIBU: Usipake kaka. Kile kimetengenezwa uone maji yamefika wapi bila kufungua mfuniko, siku maji yakipungua hutajua mpaka geji ya joto ipande uko njiani Segera. Kama kimekuwa cha njano huoni kitu, nunua kingine.